Nitundike Lini Chombo cha Ndege Mvumaji?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi Louisville, Kentucky. Ameandika hivi:

“Shikamoo mwalimu. Nakaa ghorofa ya pili, nina roshani ndogo inayotazama miti. Mwaka jana nilinunua kile chombo chekundu cha kulishia vile vindege vinavyovuma kama nyuki. Nilikitundika mwishoni mwa Mei nikajaza ile dawa nyekundu ya dukani. Nikangoja, wapi! Jirani yangu wa chini, bibi wa hapa hapa, alikuwa nao tangu Aprili. Katikati ya Julai nikakata tamaa nikakishusha. Mwaka huu mwanangu wa miaka tisa hataki kusikia lingine, kila jioni ananionyesha ramani kwenye simu. Nitajuaje kwamba wamekaribia, na nitundike lini? Tena anauliza kama hawa ni ndugu za wale wadogo wanaonyonya maua ya migomba kwetu Uvira.”

Marahaba, dada yangu, na umfikishie mwanao salamu zangu. Swali lake nitalijibu mwishoni. La kwako la tarehe nalijibu sasa hivi.

Kufikia tarehe 5 Aprili, chombo kiwe kimening’inia na kina maji mapya ya sukari. Usingoje kumwona wa kwanza ndipo ukitundike. Kwa Louisville, watangulizi wa hawa wavumaji, ambao kwa Kiingereza huitwa hummingbird, huonekana siku za mwanzo za Aprili, mara chache hata mwisho wa Machi, na kundi kubwa huingia kuanzia katikati ya Aprili. Ukiwatangulia kwa siku kumi, umepoteza vijiko vichache vya sukari. Ukichelewa siku kumi, wale waliokuwa wakitafuta pa kukaa wamekwishapapata kwingine.

Na hicho ndicho kilichokupata mwaka jana. Ndege hawakukukimbia, na roshani yako haina kasoro. Mwishoni mwa Mei madume wa huko Kentucky wamekwishagawana maeneo, kila mmoja analinda maua yake na chombo chake kwa ukali usiolingana na mwili ule. Majike wanaatamia. Jike hujenga peke yake, kiota kidogo kama nusu ya ganda la jozi, amekifunga kwa nyuzi za buibui na kukifunika kwa ule ukoga wa kijivu unaoota kwenye magome. Hutaga mayai mawili madogo kama maharage, huyalalia kama wiki mbili, kisha hulisha makinda kwa wiki tatu hivi. Katika muda huo maua yamejaa kila upande na wadudu ni tele, naye haendi mbali bila sababu. Chombo kipya kikitokea wakati huo, kinaweza kukaa wiki nzima bila mgeni.

Kinachoniuma katika barua yako ni tarehe ya kukishusha. Katikati ya Julai! Makinda wa kwanza wamekwishatoka viotani, na kuanzia mwisho wa Julai hadi wiki za mwanzo za Septemba ndipo vyombo vya huko huwa na ndege wengi kuliko wakati wowote mwingine wa mwaka. Ungevumilia wiki mbili tatu zaidi, nadhani tungekuwa tunaandikiana barua nyingine kabisa.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe, maana ukiielewa safari, ramani ya mwanao itaanza kukuambia kitu.

Mashariki yote ya Amerika Kaskazini, kuanzia Florida hadi kusini mwa Kanada, aina ya mvumaji inayozaliana ni moja tu: mvumaji koo-jekundu, ambaye wanasayansi humwita *Archilochus colubris*. Ana uzito wa gramu 3 hivi, yaani amezidi kidogo tu sarafu ya senti moja ya Marekani. Majira ya baridi hukaa Meksiko ya kusini na nchi za Amerika ya Kati. Kabla ya kurudi kaskazini hula mpaka anakaribia kuongeza uzito wake maradufu, yote ikiwa ni mafuta, kwa sababu wengi wao hukata Ghuba ya Meksiko moja kwa moja: kilomita 800 hivi juu ya maji, bila kutua, karibu siku nzima usiku na mchana. Wengine hupita pembeni, wakifuata pwani ya Meksiko na Texas. Nimesoma habari hizi kwa miaka mingi, na bado kila Machi upepo wa kaskazini ukivuma kwa nguvu kule Ghuba, mimi hukosa raha.

Wa kwanza hutua pwani ya kusini mwa Marekani kuanzia mwisho wa Februari, na kufikia katikati ya Machi wameenea huko. Chukua ramani ya kawaida, pima kutoka Mobile, Alabama, hadi kwako Louisville: ni kilomita 800 na kitu. Ikiwa Mobile ni katikati ya Machi na kwako ni katikati ya Aprili, basi mstari wao unapanda kilomita 27 au 28 kwa siku. Ndege mmoja mmoja anaweza kwenda mbali zaidi ya hapo kwa siku moja, kisha akatulia siku kadhaa akila. Kinachotembea polepole ni mstari wa kundi zima, kwa kuwa unalazimika kwenda sambamba na maua na wadudu. Huko Minnesota, Maine na Ontario hawafiki kwa wingi hadi Mei.

Madume hutangulia, majike hufuata wiki moja au mbili baadaye. Kwa hiyo ukimwona mwenye koo linalowaka jekundu tarehe 12 Aprili, usidhani kundi limefika. Huyo amekuja kuwahi nafasi. Jike, mwenye koo jeupe, mwangojee hadi mwisho wa mwezi. Siku ya mbio za farasi za Kentucky Derby, Jumamosi ya kwanza ya Mei, ukiwa bado hujamwona hata mmoja, hapo tutafute kosa kwenye chombo au mahali kilipo.

Ramani anayokuonyesha mwanao, bila shaka ni ile ya vitone, kila kitone kikiwa ni mtu aliyetoa taarifa kwamba leo amemwona mvumaji wake wa kwanza. Mradi wa Journey North ndio uliozoesha watu jambo hili tangu miaka ya 1990, ukianzia na watoto wa shule, na baadaye wakatokea wengine wa namna hiyo. Ni ramani nzuri sana, na kwa mtoto hakuna bora kuliko hiyo. Ila ina tabia tatu ambazo mtu asipozijua hudanganyika.

Kwanza, ni ramani ya watu kabla ya kuwa ramani ya ndege. Miji mikubwa ina vitone vingi kwa sababu ina macho mengi. Sehemu za milimani mashariki mwa Kentucky zinaweza kubaki tupu, na ndege wapo. Jumamosi na Jumapili vitone huongezeka kwa sababu watu wako nyumbani.

Pili, kila kitone ni ndege wa kwanza, na wa kwanza siku zote ni wa ajabu. Usipange mambo yako kwa kitone kimoja kilichoruka mbele ya wenzake kilomita 300. Ngoja uone vitatu au vinne vikijipanga karibu pamoja. Mimi huangalia Tennessee. Vitone vikijaa kuzunguka Nashville, ambayo iko kusini kwako kilomita 250 hivi, najua watu wa Louisville wana wiki moja, labda zaidi kidogo. Basi hiyo Nashville iwe kengele yako. Kama bado hujatundika, tundika siku hiyo hiyo.

Tatu, kuna makosa ya macho. Kuna nondo wa mchana ambaye huelea mbele ya ua, ananyonya kwa mrija mrefu, anavuma, na mtu mzima mwenye akili zake hukuapia kwamba ni ndege. Mtazame pembe za kichwani: ndege hana.

Ukitaka kitu kigumu zaidi ya vitone, fungua eBird, tovuti ambako watu hujaza orodha za ndege waliowaona, ambayo ilianzishwa mwaka 2002 na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell pamoja na shirika la Audubon. Huko kuna kitu ambacho watu wengi hupita bila kukiona, nacho ndicho ninachokithamini kuliko ramani zote: jedwali la milia la kila kaunti. Chagua jimbo la Kentucky, kisha kaunti ya Jefferson, ambayo ndiyo yako. Utaona kila mwezi umegawanywa sehemu nne, na mbele ya jina la kila ndege kuna mstari wa kijani. Mstari ukiwa mwembamba kama uzi, ni wachache walioripoti kumwona. Ukinenepa, ni wengi. Hesabu hiyo haisemi ni ndege wangapi waliopo. Inasema katika orodha zote ambazo watu wamejaza wiki hiyo, kwa miaka yote, ni sehemu gani ya orodha imemtaja ndege huyo. Ndiyo maana wingi wa watu mjini hauivurugi kirahisi kama unavyovuruga vitone. Tafuta mahali uzi unapoanza, rudi nyuma wiki moja, hiyo ndiyo tarehe yako. Ukihamia kesho Iowa au North Carolina, utafanya vivyo hivyo, wala hutahitaji kuniuliza.

Kuna pia ramani za rada, BirdCast, zinazoonyesha usiku gani mamilioni ya ndege wako angani. Wapenzi wa ndege huzisifu, nami ninazisifu, lakini kwa mvumaji hazikusaidii sana. Rada zile zinahesabu wasafiri wa usiku, na mvumaji akishavuka Ghuba husafiri zaidi mchana, chini chini, usawa wa vilele vya miti.

Jirani yako huenda akakuambia kwamba wao siku zote hutundika siku ya mwisho ya kurudisha hesabu za kodi, 15 Aprili. Mheshimu bibi wa watu, lakini tangulia. Watafiti waliolinganisha kumbukumbu za kati ya 1880 na 1969 na zile za 2001 hadi 2010 waligundua kwamba mashariki mwa Marekani ndege hawa sasa wanafika mapema kwa siku 11 hadi 18 hivi, ingawa kaskazini ya latitudo ya 41 tofauti ni ndogo zaidi. Wewe uko karibu na latitudo ya 38. Tarehe ya mazoea iliyorithiwa kutoka kwa mama na nyanya inaweza kuwa imepitwa na wakati bila mtu kujua.

Zaidi ya simu, angalia nje. Mimi nakaa Cincinnati, juu kidogo ya mto huo huo wa Ohio unaopita mlangoni kwenu, na kwenye daftari langu kuna safu mbili: tarehe ya ndege na tarehe ya maua. Huku kwetu mti wa redbud huvaa waridi mwanzoni mwa Aprili, kabla hata ya majani kutoka. Ukiuona umechanua na chombo bado kiko kabatini, simama ukioshe. Baadaye huja maua ya asili ambayo mvumaji huyatafuta hasa, mekundu na yenye koo refu: red buckeye, columbine, na ile honeysuckle ya asili yenye maua kama tarumbeta. Kuna jingine ambalo wengi hawalifikirii, kwamba ndege huyu akifika kabla maua hayajawa mengi hula kwenye matundu ya kigong’ota. Kuna kigong’ota mnyonya utomvu anayetoboa magome kwa safu zilizonyooka kama mishono ya cherehani. Utomvu mtamu hutiririka, wadudu wadogo wanakusanyika, na mvumaji anapata kinywaji na nyama mahali pamoja. Nyama nasema makusudi. Maji ya sukari ni nguvu ya kuruka tu. Mwili wake na wa makinda wake hujengwa kwa vijidudu na buibui, kwa hiyo usipulize dawa ya wadudu kwenye hiyo roshani.

Aprili ya Kentucky ina hila yake, nawe umekwishaiona. Joto linakuja, watu wanavua makoti, kisha baridi inarudi siku tatu nne. Wazee wa huko wamezipa majina, “baridi ya redbud”, kisha “baridi ya dogwood”, kisha “baridi ya blackberry”, kulingana na ua lililochanua wakati huo. Hapo ndipo chombo chako kina maana kuliko siku nyingine zote za majira ya machipuko. Usiku wa baridi ndege huyu huzima mwili wake. Moyo ambao mchana unaweza kupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika hushuka mno, joto la mwili linashuka, anabaki kama aliyekufa ameshika kitawi, pengine akining’inia kichwa chini. Akiamka alfajiri anahitaji sukari kwa haraka. Basi usiku ukitangaziwa barafu, ingiza chombo ndani kabla ya kulala, na ukitoe kabla ya jua. Kama hutaamka mapema, mpe mtoto kazi hiyo. Na ukimkuta ndege amezimia hivyo kwenye tawi, mwache. Jua likimpata ataamka.

Nakuja kwenye maji yenyewe, na hapa nitakuwa mkali kidogo, uniwie radhi.

Hiyo dawa nyekundu mwage. Rangi haina kazi yoyote, chombo chenyewe kina wekundu wa kutosha kumwita ndege. Chukua sukari nyeupe ya kawaida, kipimo kimoja, na maji vipimo vinne. Robo kikombe cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji inakutosha kuanzia. Koroga mpaka iyeyuke, ukipenda tumia maji ya moto, ngoja ipoe, basi. Kiwango hicho kinakaribiana na mbochi, yaani yale maji matamu yanayotoka kwenye maua anayoyapenda. Usitie asali: ikichanganywa na maji huwa shamba la kuvu. Sukari ya kahawia, sukari guru na ile ya wagonjwa wa kisukari pia ziache kabisa. Watu wetu hupenda kuongeza utamu kidogo “ili apate nguvu”. Siku za baridi kali kuongeza kidogo hakutamdhuru, lakini mazoea yawe moja kwa nne.

Mabaki yanakaa kwenye friji wiki moja hivi bila neno. Yaliyo kwenye chombo ni habari nyingine. Aprili na Mei, kukiwa na ubaridi, badilisha kila siku ya tatu au ya nne, isizidi tano. Joto la kiangazi likifika nyuzi 30 na zaidi, badilisha kila baada ya siku mbili, na siku za joto kali kila siku. Maji yakiwa na wingu jeupe ndani, au madoa meusi yameshika kwenye vitundu, hayo si chakula tena. Ulisema mwaka jana ulijaza ukangoja, na najiuliza kama yale maji ya kwanza hayakukaa humo mpaka Julai. Mvumaji aliyeonja maji yaliyochacha mara moja hana sababu ya kurudi.

Kwa hiyo usijaze mpaka juu. Mwanzoni mwa msimu tia theluthi tu ya chombo. Kila unapobadilisha, kisugue kwa maji ya moto na brashi nyembamba, na ukitaka tumia siki kisha suuza sana. Ukungu ukishaota, loweka kwenye maji yenye jiki kidogo, suuza mpaka harufu iishe, kianike kikauke. Wakati wa kununua kingine, chagua kinachofunguka chote, cha umbo la kisahani chenye kifuniko. Chupa nzuri za vioo zenye shingo nyembamba zinapendeza dukani na zinamtesa mwenye kuziosha.

Roshani ya ghorofa ya pili inafaa sana, hasa kama inatazama miti, kwa sababu paka hawafiki. Angalia tu kwanza kama mkataba wako wa nyumba unaruhusu. Kitundike ama karibu kabisa na kioo cha mlango, chini ya mita moja, ama mbali nacho zaidi ya mita tatu. Akiwa karibu hawezi kupata kasi ya kujiumiza, na akiwa mbali ana nafasi ya kukiona. Kivuli cha mchana kinasaidia maji yasichache. Sisimizi wakiandama kamba, kuna kikombe kidogo cha kutia maji kinachotundikwa juu ya chombo kama handaki, nao hawavuki. Usipake mafuta ya kula kwenye kamba, yanaweza kunasa manyoya ya ndege. Nyigu huvutwa na rangi ya njano, na vyombo vingi vina vijiua vya njano vya plastiki. Ving’oe kama vinang’oka. Na ukimwona vunjajungu mkubwa amekaa juu ya chombo, mhamishie kwenye mti wa mbali. Huyo hukamata hata mvumaji.

Wakati unangoja, funga utepe mwekundu au weka chungu cha maua kwenye kizingiti. Anayepita juu akiona wekundu huteremka kuchungulia. Nao hukumbuka mahali, mno. Ndege waliovishwa pete za miguuni na wataalamu wenye kibali wamekamatwa tena na tena miaka iliyofuata kwenye bustani ile ile, na mmoja wa aina hii, jike, alijulikana kufikisha miaka 9. Ukimpata mmoja mwaka huu, mwakani anaweza kukutangulia wewe, akaelea mbele ya msumari mtupu ulipokuwa umetundika chombo. Mimi nimelipata hilo, na tangu hapo sijachelewa tena.

Juni ikiwa kimya, usihuzunike wala usikishushe. Endelea kubadilisha maji kidogo kidogo. Mwisho wa Julai utaona wapya, wote wanafanana na jike, wakikimbizana mpaka unaogopa watagongana. Dume mmoja akikalia chombo na kufukuza wengine, tundika cha pili upande ambao hawezi kuviona vyote pamoja. Madume wazima ndio wa kwanza kuondoka, wengine mwanzoni mwa Agosti. Majike na wachanga hufuata, na kufikia mwanzo wa Oktoba wamebaki wachache.

Utasikia wakisema kwamba chombo kikikaa sana kinamzuia ndege kuhama, akafa na baridi. Si kweli. Kinachomwambia aondoke ni kufupika kwa mchana, na hakuna sukari inayoweza kumdanganya juu ya jua. Kiache wiki mbili baada ya kumwona wa mwisho, maana wanaopita kutoka Michigan na Kanada bado wako njiani na hawajui duka lingine. Na akitokea mvumaji Novemba, usimfukuze, mpige picha. Anaweza kuwa rufous, mvumaji wa aina nyingine wa magharibi, ambaye kila mwaka wachache hujikuta upande huu. Mmoja wao alivishwa pete Tallahassee, Florida, Januari 2010, akakamatwa Alaska mwezi Juni mwaka huo huo, zaidi ya kilomita 5,600 kutoka hapo.

Sasa la mwanao. Mwambie hivi: wale wa migomba ya Uvira ni chozi, na kwetu pwani tunawaita hivyo hivyo. Wanafanana na wavumaji kama watu wawili wasiojuana wanaofanya kazi moja: rangi zinazong’aa, mdomo mrefu, ulimi wa kunyonya maua. Lakini si ndugu. Wavumaji, aina zao zaidi ya 350, wako mabara ya Amerika tu, na jamaa zao wa karibu ni teleka, wale ndege wa angani wasiotua chini. Chozi yuko upande wa shomoro. Amtazame siku akirudi Uvira, au hata kwenye video: chozi hupenda kutua kwenye ua ndipo anyonye. Huyu wa Kentucky hasimami. Anaelea, mabawa yanapiga kama mara 50 kwa sekunde, na anaweza kurudi nyuma kinyumenyume.

Kisha mpe daftari, aandike tarehe, saa, koo jekundu au jeupe, hali ya hewa, na ua gani lilikuwa limechanua barabarani siku hiyo. Asimshike ndege wala kuchukua kiota hata kikiwa kitupu, sheria ya Marekani ya ndege wahamao ya mwaka 1918 inakataza. Akishaandika wa kwanza, aiweke taarifa yake kwenye ile ramani, kitone cha Louisville kiwe chake. Na mimi huku Cincinnati, kwa kuwa niko kaskazini yenu siku nne tano za mvumaji, nitakuwa nakitazamia.